Vitu vya Wazazi: Tuuze, Lakini Tusinyonyane



Huku kwetu Uganda, katika mashamba ya chai upande wa Toro, akina mama wa tawi letu wamefungua kibanda cha kuuza vitu vya wazazi. Wanauza sabuni, pamba, pedi, mabeseni, nepi za vitambaa, mafuta ya kumpaka mtoto, na ule mfuko wa kwendea kujifungua ambao kila mtu Uganda anaujua kwa jina la Mama Kit. Kibanda kina miaka miwili sasa. Matawi mengine yamesikia habari hizi na yanatuuliza: Je, na sisi tufungue? Tunajibu: Fungueni. Lakini kabla hamjapigilia msumari wa kwanza, sikilizeni yaliyotupata. Tumefanya makosa, na moja kati ya makosa hayo nusura limwue mtoto.

Jambo hili halikuanza kama biashara. Lilianza kwa aibu. Binti mmoja, kibarua aliyetoka upande wa Kisoro, alijifungua siku ya Jumanne. Jumapili ya pili yake zilikuwa zimetimia siku kumi na mbili. Kesho yake, Jumatatu, tukamwona mstarini, kikapu mgongoni na mtoto amelazwa kwenye kanga chini ya mti. Akina mama waliokuwa karibu naye waliona anatembea vibaya. Alikuwa amejifunga vipande vya blanketi kuukuu kuzuia damu, na vipande vyenyewe alikuwa akivifua kwa maji matupu, maana sabuni hana. Mama mmoja mtu mzima akamwambia, "Mwanangu, nani kakutoa ndani?" Akajibu, "Mama, njaa ndiyo imenitoa."

Siku ile mstari mzima ulichanga. Yupo aliyetoa shilingi mia tano, yupo aliyetoa kitenge. Jioni mama yule mtu mzima akasema neno ambalo ndilo lililozaa kibanda: "Leo tumechanga. Mwezi ujao wanajifungua watatu. Tutachanga mara ngapi?"

Wandugu, hapa lazima tueleze hali ilivyo, kwa sababu wapo wenzetu wa viwandani mjini ambao hawaijui. Serikali ya Uganda ilifuta malipo katika vituo vyake vya afya mwaka 2001. Hilo ni jambo jema na hatulibezi. Lakini kujifungua bila malipo si kujifungua mikono mitupu. Kliniki mama huambiwa aje na glavu, plastiki ya kutandika kitandani, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, na nguo za kumpokelea mtoto. Serikali huleta mifuko ya Mama Kit, ila kituoni kwetu ikifika huisha upesi. Anayekuja baada ya hapo hununua.

Sasa tazameni mshahara wa mchuma chai. Hulipwa kwa kilo. Mwezi wa saba wa mimba hawezi tena kuinama na kupanda mlima kama zamani. Mwezi wa nane kilo zake zimepungua nusu. Yaani mimba humpunguzia mama mapato na kumwongezea matumizi, vyote viwili kwa wakati mmoja. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na miaka arobaini imepita bila kiwango kipya kuanza kutumika. Shilingi 6,000 leo hazinunui hata robo ya mfuko wa kujifungulia. Kwa hiyo msitushangae tukisema kwamba kibanda cha sabuni ni jambo la chama.

Walianza akina mama kumi na mmoja. Kila mmoja alitoa shilingi 20,000, ikawa 220,000. Wengine walizipata kwa upatu, ule ambao Waganda huuita nigiina. Walikwenda Fort Portal kununua kwa jumla. Mfuko wa Mama Kit, ambao duka la njia panda liliuza 35,000, wao waliupata kwa 24,000. Wakapanga kuuza 27,000. Shilingi elfu tatu za juu ni za nauli, leseni na kuongeza mtaji. Leseni waliichukua halmashauri, na tunawasihi nanyi mwichukue, maana mama akishikwa na askari wa halmashauri na beseni kichwani, faida ya mwezi mzima huliwa kwa dakika tano.

Kwa wiki tatu za kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Tabu ikaja pale akina mama walipoona kwamba vitu vya mzazi ni vichache.

Hili ndilo jambo ambalo watu wenye magari meupe, wanaokuja kutufundisha neno lao la ujasiriamali, hawakutuambia. Mwanamke aliyejifungua anahitaji nini? Damu yaweza kumtoka hata wiki sita, kwa hiyo anahitaji pedi au vitambaa safi vya kubadilisha mara kwa mara, na sabuni ya kufulia. Anahitaji beseni lake mwenyewe, maji safi, chakula na kupumzika. Mtoto je? Anahitaji joto, titi la mama yake, na usafi. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Hakipakwi majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala dawa ya meno. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24, ili asipate baridi, na anyonye titi peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji. Basi. Hesabuni wenyewe: ni vitu vingapi hapo vya kuuza? Havifiki kumi, tena ni vya bei ndogo.

Mwuza duka hapendi hali hiyo. Akishamaliza kumwuzia mzazi anachohitaji, huanza kumwuzia hofu. Hana maziwa ya kutosha, anunue hiki. Tumbo litabaki kubwa, afunge kile. Ngozi imekuwa nyeusi, apake hiki. Mzazi ni mtu aliyechoka, hajalala, anaogopa kila mtoto akilia, na kila mtu humwambia lake. Hakuna mteja aliye rahisi kudanganywa kama yeye. Hii ndiyo sababu tunasema biashara hii isifanywe na mtu anayetaka faida ya haraka, hata akiwa ni mwenzetu mwenye kadi ya chama.

Na sisi tulidanganyika. Mwezi wa pili mfanyabiashara mmoja wa mjini alitushauri tuchukue makopo ya maziwa ya unga ya watoto. Faida ya kopo moja ilikuwa sawa na faida ya mifuko miwili ya Mama Kit. Tulichukua makopo sita. Tunasema "tulichukua" kwa sababu kamati ya tawi ilijua na haikukataza, na sisi tunaoandika haya tulikuwa ndani ya kamati hiyo. Mama mmoja alinunua kopo moja kwa sababu alitakiwa kurudi kazini haraka, na mtoto angebaki na bibi yake. Kopo lilikuwa la siku chache tu. Yeye hakuwa na fedha za kopo la pili. Akafanya alichofanya kila maskini: akapunguza unga, akaongeza maji. Maji yenyewe yalitoka mtoni, na kuni za kuchemshia ni za kutafuta. Mtoto akaanza kuharisha, akakonda, macho yakaingia ndani. Alikaa siku tano katika kituo cha afya. Alipona, tunamshukuru Mungu, naye sasa anatembea. Lakini muuguzi aliyempokea alimwuliza mama yake kopo lile kalinunua wapi, naye akajibu ukweli: "Kwa kibanda cha chama."

Ndipo tulipojifunza mambo ambayo tulipaswa kuyajua mapema. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia kampuni zisitangaze maziwa ya unga kana kwamba ni sawa na titi la mama. Nchi 118 zilikubali na moja tu ilikataa, nayo ni Marekani. Uganda ilitunga kanuni zake mwaka 1997. Hatusemi kwamba maziwa ya unga ni sumu. Yupo mtoto aliyefiwa na mama, yupo mama ambaye mganga amemwambia asinyonyeshe. Hao wana njia yao kwa mganga, si kibandani kwetu. Makopo yaliyobaki tuliyarudisha, na tulipata hasara.

Lakini angalieni vizuri kosa lenyewe lilianzia wapi. Mama yule hakununua kopo kwa ujinga. Alinunua kwa sababu alilazimika kurudi kazini. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Baada ya hapo tuliandika katika daftari vitu ambavyo kibanda hakiuzi. Hatuuzi dawa yoyote, hata ya maumivu, kwa sababu sheria yataka kibali cha Mamlaka ya Dawa, nasi hatuna elimu hiyo. Hatuuzi sabuni wala krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zina zebaki, na mama anayenyonyesha humbeba mtoto kwenye ngozi hiyohiyo. Hatuuzi vyandarua, maana mama mjamzito hupewa chandarua bure kliniki, na mtu anayekuuzia cha kliniki amemwibia mwenzako. Katika jambo hilo tulijaribiwa. Usiku mmoja alikuja mtu na mifuko kumi ya Mama Kit, anataka 10,000 tu kwa kila mmoja. Mweka hazina wetu akaigeuza kwenye taa. Ilikuwa imepigwa chapa ya Serikali ya Uganda kwamba haiuzwi. Akamwambia, "Baba, irudishe ulikoitoa kabla hatujamwita mwenyekiti wa kijiji." Ingetupa faida ya shilingi 170,000 kwa usiku mmoja, karibu sawa na mtaji wetu wote wa kwanza. Tulimsifu mweka hazina mbele ya mkutano, na twamsifu tena hapa.

Kuhusu dawa za kienyeji tulibishana sana. Waganda wana kyogero, majani ya kumwogeshea mtoto, na wana mumbwa, ule udongo uliochanganywa na majani ambao wajawazito hulamba. Wengine walisema tuuze, kwani wateja wako tayari. Tulikataa. Si kwa kudharau mila. Wengi wetu tuliogeshwa na majani hayo. Tulikataa kwa sababu bibi anayekuchumia majani anakujua, na ukidhurika atakuja kukutazama. Kibanda hakijui kipimo wala mmea. Wakati huohuo tulikubali mafuta ya moo yao, yanayotokana na mbegu za mti wa shea, ambayo dada zetu wa Kiacholi na Kilango wametumia tangu zamani kumpaka mtoto. Mti wenyewe huota kaskazini mwa Uganda. Dada mmoja akienda kwao kwa likizo huja nayo dumu moja, nasi tunayagawa katika vikopo. Hayana manukato na yanatosha kazi yake. Haya sasa ndiyo yanayotoka kuliko mafuta ya dukani.

Sasa tuje kwenye mkopo, maana hapa ndipo kibanda kilipotaka kuvunjika.

Mteja wetu ni mwenzetu. Huwezi kumwambia mwenzako aliye na mimba ya miezi tisa kwamba bila fedha taslimu hapati mfuko. Kwa hiyo tulikopesha. Katika miezi mitano tulikuwa na wadaiwa kumi na tisa, na rafu ilikuwa tupu. Hapo mume wa mwanakikundi mmoja, ambaye ni mnyapara, akaleta shauri. Alisema madeni yakatwe kwenye mizani. Yaani mama akipima kilo 40, karani aandike 35, na zile tano zilipwe kwa kibanda, hadi deni liishe. Kwa kusikia ni rahisi. Wengine walipiga makofi.

Wazee wa tawi walisimama kwa hasira. Wao wanakumbuka hadithi za baba zao kuhusu duka la shamba: mtu anachukua unga na chumvi kwa karatasi, na mwisho wa mwezi anakuta amefanya kazi ya bure na bado anadaiwa. Dunia nzima ilipigana na jambo hilo; Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mshahara ulipwe kwa fedha mkononi mwa mfanyakazi mwenyewe, na asilazimishwe kununua katika duka la mwajiri. Je, sisi wa chama tuwe ndio wa kwanza kumwingiza mnyapara katika mshahara wa mzazi? Leo anakata kilo tano za sabuni. Kesho nani atajua amekata ngapi, na kwa nani? Tena kijana aliyeandika kilo za uongo mara moja kwa ajili ya jambo jema amekwisha jifunza kuandika kilo za uongo.

Shauri lile lilishindwa kwa kura, lakini kura zilikuwa karibu sawa. Tunalisema wazi ili msidhani kwamba umoja wetu ni wa malaika. Mwanakikundi yule aliondoka na mtaji wake, na mwingine akamfuata.

Badala yake tulianzisha kadi. Mwanamke akijijua ana mimba ya miezi minne, anachukua kadi. Kila siku ya mshahara, ambayo kwetu ni mara mbili kwa mwezi, analipa shilingi 3,000. Katika miezi mitano amelipa mara kumi, sawa na 30,000. Anapofika mwezi wa tisa mfuko wake uko tayari, umefungwa na umeandikwa jina, na zile elfu tatu zinazozidi anachukua sabuni au pedi. Mwenye kuharibikiwa na mimba hurudishiwa fedha zote siku hiyohiyo, bila swali. Wamekuwapo wanne. Mweka hazina huwapelekea nyumbani mwenyewe, hawaji kupanga foleni kibandani.

Kwa asiyeweza 3,000, hulipa anachoweza, na kinachopungua hutolewa katika mfuko wa dharura ambao tunauwekea shilingi 500 za kila Mama Kit iliyouzwa. Fedha hizo si nyingi. Zimetosha mara saba, na mara mbili hazikutosha tukachanga tena mstarini kama siku ya kwanza. Kadi haikuondoa umaskini. Imeondoa deni tu, nalo ndilo lililokuwa linatugombanisha.

Sisi tulioishia darasa la saba tunajua hesabu hii: faida ya kibanda haimtajirishi mtu. Baada ya miaka miwili kuna bidhaa za shilingi laki tisa na kidogo, leseni imelipwa, na wanakikundi waligawana sabuni Krismasi iliyopita. Aliyetarajia kujenga nyumba ya matofali kwa pedi za wazazi alikosea mlango.

Na sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tulipokwenda kwenye meza ya majadiliano na mwajiri, tulidai likizo ya uzazi kwa vibarua wanawake. Ofisa mmoja wa upande wa mwajiri alitabasamu akasema, "Lakini akina mama wenu sasa ni wafanyabiashara. Wana duka. Hizo siku sitini ni za nini tena?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, na tunataka kila tawi linalofungua kibanda lijiandae kusikia maneno hayo.

Tulimjibu hivi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwanamke siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki nne kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua au baada ya kuharibikiwa na mimba. Anarudi kwenye kazi yake. Hafukuzwi kwa sababu ya mimba. Baba wa mtoto anapata siku nne za kazi. Siku 60 kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki ni wiki kumi. Wiki kumi si nyingi: Tanzania sheria inatoa siku 84, Kenya miezi mitatu, Rwanda tangu mwaka 2023 wiki 14, ambazo ndizo zinazotajwa katika Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000. Sisi hatukudai wiki 14. Tulidai zile kumi zilizokwisha andikwa.

Tatizo ni neno "kibarua". Binti yule wa Kisoro alikuwa amefanya kazi miaka mitatu katika shamba lilelile, lakini kila baada ya miezi mitatu jina lake lilifutwa na kuandikwa upya. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua kupita miezi minne. Baada ya hapo apewe mkataba wa maandishi. Ndiyo maana hufutwa mwezi wa tatu. Mkono unaomfuta ndio unaomnyima wiki zake kumi, na ndio uliomtoa ndani siku ya kumi na tatu na blanketi kati ya mapaja. Beseni na sabuni havimrudishii hata siku moja kati ya hizo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye lile kopo la maziwa. Mama mwenye wiki kumi za mshahara hahitaji kopo, anakaa na mtoto wake na kumnyonyesha. Mama mwenye wiki kumi za mshahara haombi mkopo wa pedi. Tukipata likizo, nusu ya shida zinazoleta wateja kibandani zitapungua, na huenda kibanda chenyewe kikauza kidogo zaidi. Mwanakikundi mmoja aliuliza jambo hilo mkutanoni, kwa woga kidogo: "Sasa tukishinda, si tutajifungia biashara?" Mwenyekiti akamjibu, "Dada, tutauza biskuti." Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki, na kila kikundi kijiulize mapema. Kikundi kitakachoona faida yake iko katika shida ya wazazi kitakuwa kimehamia upande wa pili wa meza bila kujua.

Wapo wanaume wa tawi letu wanaosema haya ni mambo ya wanawake, yaachiwe wanawake. Tunawauliza: zile siku nne za baba ni za nani? Katika miaka miwili tumewahi kumwona mwanamume mmoja tu akizidai ofisini. Aliandikwa mtoro. Shauri lake liko mikononi mwa chama.

Mpaka tunapoandika, majadiliano hayajaisha. Mwajiri amekubali kuwaandikia mikataba wanawake 46 waliofanya kazi zaidi ya mwaka mmoja. Sisi tumepeleka majina 112. Karani wetu ameandika tarehe ya kila mmoja ya kuanza kazi, na kila mara alipofutwa. Tunaomba matawi mengine mfanye orodha hiyo sasa, kabla ya msimu wa mvua, wakati wanawake wengi wanachukuliwa upya. Mwenye mimba na atoe taarifa kwa maandishi mapema kabla ya kuanza likizo, na abaki na nakala. Asiyejua kuandika aje kwetu, tutamwandikia.

Binti wa Kisoro yumo katika majina 46. Ana mimba ya pili, miezi sita, na kadi yake ya kibanda imefika malipo manne. Makatibu wa matawi wanaotaka kuliona daftari letu na kadi zenyewe waje Jumapili inayofuata siku ya mshahara. Kibanda kiko nyuma ya mizani ya zamani, na hufunguliwa saa tatu asubuhi.